3+2 kwenye saa ya sataranji si dakika tano

Jamani, hapa barazani Mjini bado kuna watu wanabisha kwamba saa ya dijitali ya sataranji, ile inayohesabu muda wa kila mchezaji kushuka hadi sufuri, ikisetiwa 3+2 basi kila mtu ana dakika tano, sio hivyo wallahi. Ile 3 ndo dakika, ile 2 ni sekunde, na unaongezewa kila ukishacheza ukabonyeza saa. Ukicheza mara 40 ushapata sekunde 80 za ziada. Na hazipotei usipozitumia, kama umetumia sekunde moja tu kusogeza kete basi saa yako inapanda badala ya kushuka, ndo maana mtu anaweza kubaki na sekunde chache na bado akakusumbua mpaka mkachoka nyote. Lakini ikifika sufuri kabla hujabonyeza, basi tena, zile mbili hazikuokoi.

Wengine wanachanganya na ile seti ya saa kusubiri kwanza ndo ianze kuhesabu, ile hailimbikizi kitu. Hii ya kuongeza ni wazo la bingwa wa sataranji Bobby Fischer wa Marekani, 1992 akaitumia alipocheza na Boris Spassky. Kwa hiyo kabla ya kuanza kubishana, angalieni kwanza saa imesetiwa ipi.