Fizi zimerudi nyuma, na bado unasugua kwa mkaa?

Nikinywa maji baridi napata ganzi kali. Jino limetoboka?
Si lazima. Pitisha ukucha taratibu pale jino linapokutana na fizi. Ukikwama kwenye kijifereji, jino limelika shingoni. Fizi imerudi nyuma na mzizi uko wazi, nao hauna lile gamba gumu linalofunika sehemu ya juu ya jino.

Limelikaje?
Mara nyingi kwa mkono wako mwenyewe. Wengi ninaowaona kliniki ya meno wanatumia mswaki mgumu, mbele na nyuma, kama wanasugua sufuria. Wengine wana ugaga ulioganda chini ya fizi. Hao fizi huvimba na kutoa damu.

Lakini mkaa si unang'arisha?
Hapana. Mkaa unakwangua. Arusha na Kilimanjaro watu wenye meno ya kahawia husugua kwa mkaa, wengine hata kwa mchanga. Rangi ile ilitokana na floraidi nyingi kwenye maji waliyokunywa utotoni, meno yakiwa bado yanajijenga ndani ya taya. Imo ndani ya jino lenyewe. Utasugua mpaka fizi ziishe, na kahawia utaiacha palepale. Kama rangi inakunyima raha, na ni haki yako, daktari wa meno ana njia za kuipunguza.

Nikisugua kwa nguvu mara mojamoja tu?
Hapana, tafadhali. Nguvu haisafishi, inakula jino. Tumia mswaki laini, ushike kwa vidole, uulaze kuelekea fizi, dakika 2, asubuhi na kabla ya kulala. Dawa ya meno iwe na floraidi. Kiasi kidogo kilichomo kwenye dawa huimarisha jino; kilichotia kahawia ni kile kingi cha kwenye maji ya utotoni. Ukitoka kula ndimu au ukwaju, au kunywa soda, subiri nusu saa kwanza.

Fizi zitarudi?
Zenyewe hazirudi. Tunaondoa ugaga na kuziba mfereji kwa dawa yenye rangi ya jino. Kwenye hospitali kubwa, baadhi ya fizi hufunikwa kwa kipande cha nyama kutoka kwenye kaakaa. Ila ukizibwa kisha ukaurudia mkaa, jino litazidi kulika pembeni ya kizibo.

Nisubiri mpaka liume?
Usisubiri! Wengi huvumilia ganzi miaka, wanakuja mfereji umeshafika kwenye mshipa wa fahamu. Hapo kuziba tu hakutoshi: ni kutibu mzizi au kung'oa. Na jino likicheza, au fizi ikitoa usaha, njoo wiki hiihii.