"Progressive" ya Kanada si "maendeleo" yetu

Shangazi yangu ana miaka 71, mzaliwa wa Mombasa, raia wa Kanada kwa zaidi ya miaka 20, na uchaguzi haumpiti. Februari 2025, siku chache kabla ya uchaguzi wa jimbo la Ontario, nilimkuta jikoni kwake Hamilton amepanga vipeperushi vya wagombea mezani kama karata, chai inachemka, miwani iko kichwani. Akakishika cha buluu, akaweka kidole juu ya jina la chama, Progressive Conservative. "Mwanangu, hawa si ndio wale wa maendeleo? Kwenye kundi wamesema tuwape hawa."

Kundi ni la WhatsApp, la Waswahili wa huku. Mtu alikuwa ametuma sauti ya dakika mbili akifafanua kwamba progressive ni maendeleo, kwa hiyo chama hiki ni chama cha maendeleo, na mwenye akili hapingi maendeleo. Tafsiri hiyo nimeisikia mara nyingi mno, msikitini, kanisani, kinyozi. Sasa imefika jikoni kwa shangazi, naona niiandike.

Maana yenyewe haina shida. Katika siasa za Kanada, progressive ni mtu anayeamini kwamba serikali itumie kodi na sheria kupunguza pengo kati ya wenye nacho na wasio nacho, na kuwafungulia mlango wa haki waliofungiwa nje. Basi.

Shida iko kwenye neno tulilochagua kulitafsiria. Kwetu maendeleo ni kitu kinacholetwa: barabara, maji, umeme, zahanati, darasa lenye bati jipya. Mbunge huulizwa ameleta maendeleo gani. Hakuna mgombea wa Kisumu wala wa Tanga atakayepanda jukwaani aseme yeye hayataki maendeleo. Kanada wapo wengi wanaosimama mchana kweupe na kusema wao si progressive, tena wana hoja zao: kodi zipungue, serikali isijitie katika kila jambo, mila za familia ziachwe zilivyo. Neno hili linataja upande mmoja wa ubishi. Ukiligeuza kuwa maendeleo, ubishi wote unapotea, na msikilizaji anabaki na upande mmoja tu wa kuchagua.

Asili yake ni Kilatini, kupiga hatua kwenda mbele. Karibu sana na letu, maana maendeleo nayo yametoka kwenye kuenda, kuendelea. Neno la pili, conservative, tumelitafsiri vizuri zaidi: mhafidhina, shina moja na hifadhi, shina moja na hafidh aliyeihifadhi Kurani kifuani. Sasa chama kimoja kiliwezaje kujiita wapiga hatua na wahifadhi kwa pamoja? Shangazi aliniuliza hivyohivyo, na jibu ni hadithi ya wakulima.

Baada ya Vita vya Kwanza vya Dunia, wakulima wa nyanda za magharibi na wa Ontario walikuwa na hasira. Ushuru wa forodha ulipandisha bei ya mashine za shambani kutoka Marekani ili viwanda vya mashariki vilindwe, nauli ya reli ya kusafirisha ngano iliwaumiza, na mwaka 1918 watoto wao walikuwa wamechukuliwa jeshini wakati wa kulima. Wakaanzisha chama chao mwaka 1920, wakakiita Progressive. Uchaguzi wa Desemba 1921 wakatoka wa pili kwa viti bungeni, wakawapita Wahafidhina, kisha wakakataa kukalia kiti cha upinzani rasmi, kwa sababu waliamini mbunge anawajibika kwa waliomchagua kabla ya kuwajibika kwa chama. Miongoni mwa waliokaribiana nao siku hizo alikuwa Agnes Macphail, mwalimu wa shule, mwanamke wa kwanza kuingia bunge la Kanada.

Chama hakikudumu. Wengine walimezwa na chama cha Liberal. Wengine, Macphail akiwa karibu nao, walielekea kushoto, na mwaka 1932 kule Calgary kikazaliwa chama cha CCF, baba wa chama cha NDP cha leo. Kundi la tatu lilibaki madarakani Manitoba chini ya John Bracken, waziri kiongozi wa jimbo hilo kwa miaka 20.

Hapo ndipo penye fundo. Februari 1942 kiongozi wa Wahafidhina, Arthur Meighen, aliyewahi kuwa waziri mkuu, aligombea katika uchaguzi mdogo pembezoni mwa Toronto akaangushwa na mwalimu wa sekondari wa CCF. Wahafidhina wakashtuka. Walihitaji sura mpya, wakamfuata Bracken. Naye akaweka sharti: nitawaongoza, lakini jina libadilike. Desemba 1942, mkutanoni Winnipeg, sharti likakubaliwa, chama kikaitwa Progressive Conservative. Jina zima ni mahari ya ndoa ile. Mume alihamia na jina lake, na nyumba ikaendelea kuwa ya wenyewe.

Nisiwaonee lakini. Neno lile halikuwa mapambo matupu wakati wote. Serikali ya waziri mkuu John Diefenbaker, ya chama hichohicho, ndiyo iliyowapa wenyeji wa asili haki ya kupiga kura ya shirikisho mwaka 1960 bila kuwalazimisha kuacha hadhi yao ya kisheria. Mwaka 1961, kwenye mkutano wa Jumuiya ya Madola, Diefenbaker alisimama na viongozi wa Afrika na Asia dhidi ya ubaguzi wa Afrika Kusini, ambayo ikajitoa. Na mwaka 1962 waziri wake, Ellen Fairclough, alileta kanuni mpya za uhamiaji zilizoondoa sehemu kubwa ya ubaguzi wa rangi katika kuchagua nani aingie. Kila Mswahili mwenye pasipoti ya Kanada ana deni kwenye ukurasa huo, na ukurasa huo uliandikwa na Wahafidhina.

Wala mwenye kuitwa progressive hatakasiki kwa jina. Sheria ya jimbo la Alberta ya mwaka 1928 iliyoruhusu watu walioitwa wapungufu wa akili kufungwa uzazi ilipitishwa na serikali ya wakulima, watu wa vuguvugu hilohilo la kupiga hatua mbele. Wapo waliosimamia haki ya wanawake kupiga kura na wakaunga mkono jambo hilo pia. Sheria hiyo ilifutwa mwaka 1972. Ninaposikia neno hili likitajwa kana kwamba ni cheti cha wema, huwakumbuka waliofanyiwa hayo.

Kosa la pili, dogo, ni kudhani kwamba Liberal na progressive ni kitu kimoja. Liberal hukaa katikati na kusogea kulingana na upepo. Bajeti ya Liberal ya mwaka 1995 ilikata fedha za afya na ustawi zilizokuwa zikienda majimboni, na mikato ile iliuma. Matibabu ya umma yenyewe yalianza jimboni Saskatchewan, kwa CCF, tarehe 1 Julai 1962, madaktari wakagoma siku 23. Liberal waliyaeneza nchi nzima baadaye, na hilo ni lao, lakini hawakuyaanzisha.

Mfano ulio mkononi ni huu. Nikienda kwa daktari natoa kadi ya afya, silipi hata senti. Nikivuka barabara kuingia duka la dawa na karatasi aliyoniandikia, natoa pochi, maana kazi yangu haina bima. Dawa za nje ya hospitali hazimo katika mpango ule wa zamani. Shangazi, kwa kuwa amevuka 65, jimbo humlipia sehemu kubwa ya zake. Anayesema mpango huo ushuke hadi kwangu na kwa kijana wa miaka 30 mwenye kisukari, na kodi ilipie, huyo anasema jambo la progressive. Anayesema kila mtu atafute bima yake anasema jambo jingine. Oktoba 2024 bunge la shirikisho, Ottawa, lilipitisha sheria ya kuanzia na dawa za kisukari na za uzazi wa mpango, kwa majimbo yatakayoafikiana nayo, na ilipita kwa sababu NDP waliibana serikali ya Liberal iliyohitaji kura zao. Mimi naiunga mkono, sifichi.

Huko Ottawa, Wahafidhina walipoungana na chama cha Canadian Alliance mwaka 2003 waliliacha neno progressive, wakabaki Conservative tu. Limesalia katika baadhi ya majimbo, Ontario likiwa mojawapo.

Shangazi alisikiliza yote hayo akiwa amenimiminia chai. "Basi katika maneno haya mawili nishike lipi?" Nikamwambia ashike la pili, la kwanza aliache lilivyo, halafu ageuze karatasi asome wamesema nini juu ya dawa, kodi ya nyumba na walimu. Sikumwambia ampe nani, naye hakuniuliza. Akateremsha miwani puani, akageuza karatasi.

Ndugu zangu wa kundini, mnapowatafsiria wazee, andikeni "Wahafidhina wa Ontario". Na progressive wa kweli mkitaka kumtaja kwa Kiswahili, "mpigania usawa" inamfaa kuliko "mpenda maendeleo". Ni ndefu kidogo, lakini mzee akiisikia atajua kuna upande wa pili.