Mikwaruzo kwenye filamu si lazima iwe ubovu

Kwenye vibanda umiza vya Mwanza, wengi huamini kwamba filamu fupi isiyo na hadithi, yenye mwanga unaowaka na kuzimika na mistari inayorukaruka, ni mkanda mbovu au kazi iliyoachwa njiani. Dhana hiyo inaeleweka: tumezoea sinema yenye steringi, adui na DJ wa kutafsiri.

Hata hivyo, filamu za namna hiyo, ziitwazo filamu za majaribio, zilitengenezwa Ulaya tangu miaka ya 1920, na baadaye baadhi ya wasanii waliiacha kamera kabisa. Walichora kwa wino au kukwaruza kwa sindano juu ya utepe wa filamu wenyewe, picha moja baada ya nyingine. Kwa kasi ya picha 24 kwa sekunde, dakika moja tu ni picha 1,440. Mvivu hafiki huko. Miaka ya 1960 wasanii wa New York na London waliunda vyama vya ushirika vya kusambaza kopi zao, na utepe wa milimita 16 ukavuka mipaka ndani ya makopo. Kopi iliyooneshwa mara nyingi hupata mikwaruzo ya kweli, ndipo utata unapozidi.

Ukipata filamu kama hiyo kwenye flashi au simu, punguza kasi hadi robo. Mkwaruzo wa mashine ya kuoneshea filamu kwa kawaida ni mstari wima unaokaa karibu palepale kwa picha nyingi mfululizo. Uliochorwa kwa makusudi hubadilika umbo picha hadi picha, wakati mwingine ukifuata mdundo wa sauti.