Acheni kupanua mdomo wa bomba kwa moto

Nimeulizwa tena, kwa maneno yaleyale: "Fundi, ya nini kununua soketi, kile kiungo cha kuunganishia mabomba, wakati naweza kuchoma mdomo wa bomba, nikaupanua, nikachomeka lingine na gundi?" Nimechoka kulijibu swali hili kwa mdomo. Leo naliandika hadi mwisho.

Kwa bomba la maji yenye presha, usifanye. Kwa paipu ya nyaya za umeme hilo ni suala jingine, nitalifikia.

PVC ngumu, plastiki ya mabomba haya, huanza kulegea ikifika nyuzi joto 80 hivi, na hupindika vizuri kati ya 110 na 130. Mwali wa gesi unapita 1,000. Ndiyo maana ukilishika bomba juu ya moto, ngozi ya nje inaungua huku ndani bado pagumu. Ule ukahawia unaoufuta kwa kitambaa ukidhani ni masizi, ni plastiki yenyewe imeanza kuvunjika, na ikivunjika inatoa gesi ya kloridi ya haidrojeni, ambayo ikikutana na unyevu wa macho na koo lako inageuka asidi. Pakibadilika rangi, kata utupe.

Sasa hoja ambayo kila mtu huniletea kama turufu: "Mbona kiwandani nao wanapanua?" Kweli, wanapanua. Lakini kiwandani mdomo unapashwa joto sawasawa pande zote, unasukumwa kwenye chuma chenye kipimo, na unapoa ukiwa bado umevikwa chuma hicho. Kinachopatikana ni tundu lililopanuka kidogo mdomoni na kubana kidogo kuelekea chini. Huko kubana ndiko kazi yote ilipo. Chukua soketi nzuri, chomeka bomba kavu bila gundi: litaingia theluthi moja, pengine theluthi mbili ya kina, kisha litagoma. Likizama hadi chini bila kugusana na chochote, hiyo soketi na hilo bomba si wenzi. Tafuta nyingine.

Bomba linalogoma likiwa kavu litafikaje chini? Gundi ya PVC haifanyi kazi kwa kunata. Ni PVC iliyoyeyushwa ndani ya viyeyushi vikali kama tetrahidrofurani, na ukiipaka inakula uso wa bomba na uso wa soketi hadi vyote viwe laini. Unasukuma, unazungusha robo mzunguko, unashikilia nusu dakika ili bomba lisirudi nyuma. Pale panapobana, plastiki mbili zinaingiliana, na viyeyushi vikishatoka panabaki kipande kimoja. Pale pasipobana, gundi inabaki tabaka nene, laini, yenye mapovu. Kuongeza gundi hakuzibi nafasi hiyo. Inayozidi inamwagikia ndani na kuendelea kulainisha ukuta wa bomba bila sababu.

Rudi kwenye mdomo ulioupanua jikoni. Upande uliopata moto zaidi umevutika zaidi, kwa hiyo huku umebana, kule umelegea. Halafu wengi hupaka gundi mdomo ukiwa bado wa moto, "ili ukipoa ujibane." Tetrahidrofurani inachemka kwenye nyuzi 66! Ukiipaka kwenye plastiki yenye nyuzi 100 inaruka mvuke kabla haijala kitu, na mvuke huo unashika moto haraka mno. Ni kweli mdomo utapoa na kubana. Lakini kubanwa si kuungana.

Na hata kama ungeunganisha vizuri, bado umelidhoofisha bomba. Uwezo wake wa kuhimili presha unategemea unene wa ukuta ukilinganishwa na kipenyo. Ukipanua, kipenyo kinaongezeka na ukuta unakonda, yaani unapoteza mara mbili kwa tendo moja. Kumbuka pia kwamba presha iliyoandikwa kwenye bomba ni ya maji ya kawaida: maji yakifika nyuzi 50, PVC inabaki na takriban asilimia 40 ya uwezo huo, na kwenye 60 haibaki hata robo.

Sitaficha kwamba nimeona viungo vya moto vilivyodumu miaka. Vipo. Bomba lilikuwa nene, presha ilikuwa ndogo, aliyepanua alikuwa na mkono mtulivu. Kinachonisumbua ni kwamba kwa nje hicho na kile kitakachopasuka usiku vinafanana kabisa, na vyote kwa kawaida vinafukiwa ukutani.

Kupinda paipu ya nyaya ni sawa. Ile nyembamba ipinde baridi kwa springi ya saizi yake. Nene ijaze mchanga mkavu (wenye unyevu utatoa mvuke ndani), ziba ncha, kisha tumia mashine ya kupuliza hewa moto huku ukiizungusha. Usipashe sehemu fupi. Kona ya robo duara yenye nusu kipenyo cha sentimita 20 inahitaji sentimita 31 zilizolegea, na anayepasha 10 tu ndiye anayepata mkunjo ulioziba. Subiri paipu ining'inie kwa uzito wake, pinda kupita kidogo unapotaka kwa kuwa itarudi, shikilia, poza kwa kitambaa cha maji.

Bomba jeusi la polithini na lile la PPR (polipropilini), ambazo ni plastiki nyingine, havishikani na gundi ya PVC hata kidogo. PPR inachomelewa kwa nyuzi 260: bomba la milimita 20 sekunde 5, la 25 sekunde 7, kisha unasukuma moja kwa moja bila kuzungusha.

Muda wa kusubiri gundi ndio ninaotofautiana nao na vitabu. Majedwali hutoa saa chache kwa bomba dogo wakati wa joto. Mimi, kwa maji ya presha, nasubiri saa 24 hata kwa nusu inchi, kwa sababu unyevu na gundi iliyozeeka mkebeni havimo kwenye jedwali. Kisha fungua maji polepole, ukitoa hewa yote kwenye koki ya mbali kabisa. Usijaribu kwa kompresa: PVC ikipasuka ikiwa na hewa iliyoshindiliwa, vipande vyake vinaruka kwa nguvu ya kumjeruhi mtu vibaya.