Takwimu Zetu Zirudi Wodini

Hospitalini hakuna anayeandika kuliko muuguzi. Daktari hupita asubuhi, huandika mistari yake, huenda zake. Joto, presha, mapigo ya moyo, dawa imetolewa saa ngapi, mkojo umetoka kiasi gani, mama ameingia leba saa ngapi na mtoto amelia saa ngapi: yote hayo huandikwa kwa mkono wa nesi, usiku na mchana. Kwa hiyo ninapomsikia mwenzangu akisema, "Mimi si mtu wa kompyuta," humwambia kwamba kazi ya kukusanya na kutunza taarifa za wagonjwa ameifanya tangu alipovaa sare. Kompyuta imebadilisha mahali pa kuandikia tu.

Shughuli yangu ni informatiki ya uuguzi. Nilitoka wodini, na sasa nawafunza wauguzi hapa Mombasa kutumia mifumo ya kidijitali, kisha narudi kwa wanaoitengeneza mifumo hiyo kuwaeleza wodi inataka nini. Kule Marekani fani hii ilitambuliwa na chama cha wauguzi kuwa tawi la ubingwa mwaka 1992. Kwetu wengi bado huidhania ni kazi ya vijana wa ofisi ya kompyuta. Sikubaliani hata kidogo. Kijana yule anajua seva imezimika. Hajui kwamba mgonjwa wa kitanda cha sita amebadilika sura tangu zamu ya usiku, wala hajui ni chombo gani kingemwonyesha daktari mabadiliko hayo mapema.

Nianze na rejista, maana ndizo zinazotuchosha. Ni vile vitabu vya Wizara ya Afya vyenye namba: wa kliniki ya wajawazito anaijua MOH 405, wa leba anaijua MOH 333, wa chanjo anaijua MOH 510. Mwezi ukiisha tunahesabu mistari kwa kidole, tunajaza muhtasari wa MOH 711 na ndugu zake, karatasi zinapanda ofisi ya kaunti ndogo, na tarakimu zinaingia katika mfumo wa taifa wa taarifa za afya, KHIS. Mfumo huo unaendeshwa kwa programu ya DHIS2, iliyobuniwa Chuo Kikuu cha Oslo, na Kenya ilikuwa miongoni mwa nchi za mwanzo Afrika kuisambaza nchi nzima kupitia intaneti, mwaka 2011. Hilo ni jambo la kujivunia. Lakini muulize muuguzi wa zahanati: takwimu zako mwenyewe uliziona lini mara ya mwisho? Wengi watakujibu hawajaziona. Zilipanda, hazikushuka.

Naamini chuki ya teknolojia huzaliwa hapo. Mtu akijaza fomu miaka na miaka bila kurudishiwa chochote, ukimletea kishikwambi atakiona ni mzigo ule ule wa jana. Basi ushauri wangu wa kwanza ni huu: zirudisheni wenyewe. Hamhitaji mfumo wa mamilioni. Chukua dozi ya kwanza ya Penta, chanjo ya watoto ya magonjwa matano, ile ya wiki ya 6, uilinganishe na ya tatu, ya wiki ya 14. Tuseme umewachanja watoto 80 dozi ya kwanza na 64 dozi ya tatu. Waliokatikia njiani ni 16. Gawanya kwa 80, unapata asilimia 20. Kiwango hicho kikivuka asilimia 10, huwa ni dalili kwamba kuna jambo la kutafutwa. Simu yoyote inafanya hesabu hiyo kwa dakika moja. Chora mstari wa miezi sita, ubandike ukutani pale kila mtu anapopita, hata yule mama anayepiga deki auone na kuuliza.

Baada ya hapo ndipo ujuzi wa muuguzi unapohitajika. Kompyuta itasema watoto 16 hawakurudi, na itaishia hapo. Wewe uliyezaliwa Likoni au unayekaa Kisauni unajua kwamba binti wa uzazi wa kwanza mara nyingi hurudi kwa mamake kulelewa arubaini, na kwa mamake huenda ni Kwale au Kilifi. Mtoto aliyechanjwa dozi ya kwanza kwa nyanyake, ya tatu hupigwa kwa babake. Kule anahesabiwa amepotea, huku anaonekana ameibuka. Wengine wamepotea kwelikweli: mama amerudi kazini, au alifika siku ambayo chanjo imeisha, au alifokewa kwa kusahau kijitabu akaapa harudi tena. Kuwatenganisha hawa kunataka kupiga simu, kukagua kijitabu cha mama na mtoto, na kumtuma mhudumu wa afya ya jamii anayeijua nyumba. Tangu mwaka 2023 wahudumu hao wamekuwa wakipewa simu zenye eCHIS, mfumo wa kidijitali wa taarifa za afya ya jamii, kwa hiyo njia ya kuwasiliana ipo. Muuguzi akiungana nao, ile asilimia 20 inageuka majina ya watoto wanaoweza kufikiwa wiki hii.

Nimetaja majina. Kwa Mombasa, hili naliona zito kuliko yote: mgonjwa huyu ni nani?

Katika orodha moja ya wagonjwa utakuta Fatuma, Fatma na Fatima. Mwanaisha, Mwanaesha na Mwana Aisha. Mohamed, Mohammed na Muhammad. Ukoo mmoja una wajukuu watatu waliopewa jina la babu yao, wote wamezaliwa mtaa mmoja. Mzee wa Mji wa Kale anajulikana kwa lakabu, na yale majina matatu ya kwenye kitambulisho hata jirani yake hayajui. Mama mwingine ameandikishwa "Mama Salim" na kuachwa hivyo. Namba ya simu ni ya mume, au ya shemeji. Tarehe ya kuzaliwa ya wazee wengi ni 1 Januari, kwa sababu karani alitaka kisanduku kijae.

Sasa ingiza haya yote kwenye kompyuta. Karani anatafuta "Fatuma", faili iko kwa "Fatma", mfumo unasema hayupo, faili mpya inafunguliwa. Mtu mmoja ana faili mbili, na ile habari kwamba penisilini inamdhuru imebaki katika ile isiyofunguliwa leo. Hatari kubwa zaidi ni kinyume chake, watu wawili kutiwa katika faili moja, kwa sababu hapo matokeo ya damu ya mmoja yatasomwa kama ya mwingine na hakuna atakayeshtuka.

Dawa yake ni ya kiuuguzi. Usimuulize mgonjwa, "Wewe ndiye Fatuma Ali?" Mtu mwenye homa, au bi mkubwa aliyelelewa kwa adabu za kutobishana na daktari, atasema naam kwa jina lolote utakalomtajia. Sema, "Bi mkubwa, naomba majina yako matatu kama yalivyo kwenye kitambulisho, na jina unaloitwa nyumbani." Mwache atamke mwenyewe. Ongeza kitu cha pili kisichokuwa jina: namba ya kitambulisho, au tarehe ya kuzaliwa ikiwa inajulikana kweli. Na kabla ya kufungua faili mpya, tafuta kwa herufi tatu za mwanzo tu. "Fat" itawaleta Fatuma, Fatma na Fatima kwa pamoja, uwachague kwa macho. Kwa Muhammad na Mohamed mbinu hiyo haitoshi, kwa hiyo tafuta mara ya pili kwa namba ya simu.

Yapo mahospitali yaliyoweka mkanda wa mkononi wenye mistari inayosomwa na mashine, mithili ya ile ya bidhaa za dukani. Muuguzi humulika mkanda, humulika dawa, na mfumo humwambia kama vinapatana. Utafiti wa hospitali ya Brigham and Women's huko Boston, uliochapishwa mwaka 2010, ulionyesha makosa ya kutoa dawa, ukiacha yale ya kuchelewa au kuwahisha, yalipungua kwa asilimia 41. Ningependa sana tufike huko. Lakini mashine huamini mkanda. Mkanda ukifungwa mkono usio wake mlangoni, kila mmuliko baadaye utathibitisha kosa lile lile. Ndiyo maana nawaambia wanafunzi wangu kwamba swali la mapokezi ni sehemu ya matibabu.

Namba zinazotoka kwenye vifaa nazo zinataka macho. Kile kibanio cha kidoleni kinachopima oksijeni tunakitegemea kila siku. Desemba 2020 watafiti wa Chuo Kikuu cha Michigan walichapisha jambo ambalo kila muuguzi wa Afrika anapaswa kulijua: kwa wagonjwa ambao kifaa kilisoma oksijeni kati ya asilimia 92 na 96, kipimo cha damu iliyochotwa kwenye ateri kilionyesha oksijeni iko chini ya asilimia 88 kwa asilimia 11.7 ya vipimo vya watu weusi, na asilimia 3.6 tu kwa watu weupe. Mwanga wa kifaa unapita kwenye ngozi, na ngozi yetu haikupewa uzito wa kutosha kifaa kilipopimwa. Kwa hiyo 93 ya mgonjwa anayevuta pumzi kwa mabega haiwezi kukutuliza. Mtazame, mhesabie pumzi. Na pumzi zihesabiwe dakika nzima, jamani, kwa sababu chati inayosema kila mtu wodini ana pumzi 20 haimsaidii yeyote. Mifumo ya alama za tahadhari, kama NEWS2 ya Uingereza, hujumlisha pumzi, oksijeni, presha, mapigo, joto na hali ya fahamu, na alama 7 au zaidi zinaita timu ya dharura. Ukiweka 20 ya kubuni, kengele hailii.

Wakati nao ni hoja inayonigusa sana. Kila muuzaji wa mfumo hutuahidi kuokoa muda. Tuna ushahidi wa hapa hapa nchini. Mwaka 2001, katika kituo cha afya cha Mosoriot karibu na Eldoret, ulianzishwa mmoja wa mifumo ya mwanzo ya rekodi za wagonjwa kwa kompyuta katika eneo letu la Afrika. Ziara ya mgonjwa ilifupika kwa asilimia 22. Vizuri. Lakini muda ambao mgonjwa alikuwa na mhudumu ulishuka kwa asilimia 58, na muda waliotumia wahudumu kuzungumza wao kwa wao ulipungua kwa theluthi mbili. Wenzangu, yasomeni hayo mara mbili. Muda uliokolewa, na haukurudi kwa mgonjwa. Hakuna programu itakayoamua dakika hizo ziende wapi. Matroni na timu yake ndio watakaoamua, na waamue kabla mfumo haujawashwa.

Linganisheni na jambo dogo lililofanywa kwa simu za kawaida kabisa. Katika utafiti wa WelTel hapa Kenya, uliochapishwa katika jarida la The Lancet mwaka 2010, walishiriki watu 538 walioanza dawa za VVU, na karibu nusu yao wauguzi waliwatumia ujumbe mmoja kila wiki: "Mambo?" Mgonjwa alitakiwa ajibu ndani ya saa 48, "Sawa" au "Shida". Aliyesema shida, au aliyenyamaza, alipigiwa simu na muuguzi. Baada ya mwaka, asilimia 62 ya waliotumiwa ujumbe walisema wanameza dawa ipasavyo, na asilimia 50 kwa wale wengine. Hata virusi vilidhibitiwa kwa wengi zaidi. Hapakuwa na skrini ya kupendeza. Palikuwa na muuguzi anayesoma jibu.

Simu hiyo hiyo ina hatari yake. Picha za vidonda na chati zenye majina zinazozunguka katika makundi ya WhatsApp ya wodi ni data nyeti ya afya chini ya Sheria ya Kulinda Data ya 2019, na Sheria ya Afya ya Kidijitali ya 2023 imeongeza uzito. Anayetaka ushauri wa daktari wa zamu aondoe jina, uso na namba ya faili. Neno la siri nalo ni saini yako. Ukimwazima mwenzako, dawa atakayoitoa itaandikwa umeitoa wewe.

Na stima itakatika. Kila wodi iwe na karatasi tupu za chati droo moja inayojulikana, na mtu aliyetajwa kwa jina katika kila zamu wa kuzirudisha taarifa kwenye mfumo umeme ukirudi, pamoja na saa halisi ya tukio.

Hospitali yenu ikitaka kununua mfumo, ombeni muuguzi awe mezani siku ya kwanza, asiitwe siku ya mafunzo. Mwambieni muuzaji aandikishe mgonjwa mbele yenu, kwa jina lenye tahajia tatu. Mwambieni azime intaneti aendelee kutoa dawa. Akuonyesheni mchoro wa wodi yenu ambao muuguzi anaweza kuufungua mwenyewe bila kuomba ruhusa ofisini. Kisha mpeni mgonjwa wa kisukari aliyeruhusiwa kufunga Ramadhani, ambaye dawa zake zimehamishiwa futari na daku, mwone kama mfumo unakubali saa hizo au unaendelea kumkumbusha saa mbili asubuhi na saa nane mchana. Akisema hilo litakuja katika toleo lijalo, mwambieni alilete kabla ya saini.