Paka akiharisha kwenye zulia, usimfukuze

Jumamosi alfajiri mwanangu wa miaka mitatu alinivuta khanga: "Mama, paka kaharisha!" Nilikuta uchafu kuanzia mlangoni mpaka katikati ya zulia, na kitinda mimba wangu wa miezi tisa anautambalia. Nilimdaka ukiwa umebaki mkono mmoja. Kabla sijamaliza kufuta, majirani walishanipa ushauri wa kila aina, na mwingi haukuwa kweli.

La kwanza: "Mtoto akigusa tu, minyoo imeshaingia." Mayai ya Toxocara, minyoo ya paka na mbwa, hayaambukizi siku yanapotoka. Kwa kawaida huhitaji wiki 2 hadi 4 kwenye udongo ndipo lava, yaani mtoto wa mnyoo, akomae ndani ya yai. Kinyesi kibichi kina hatari nyingine, bakteria kama Salmonella, ndiyo maana mtoto aoshwe mikono kwa sabuni na maji yanayotiririka. Lakini ukikizoa mara moja, hao minyoo hujawapa nafasi.

Nafasi wanaipata nje, kwenye lile rundo la mchanga wa kujengea tunaloliacha uani miezi na miezi. Hili ndilo ningependa kila mzazi alisikie. Paka hupenda kufukia, na mchanga mkavu ndio choo anachokitafuta. Awe wako au wa mtaa mzima. Kisha watoto wetu wanakaa palepale kupika ugali wa kuigiza, vidole vinaenda mdomoni. Mayai hayo huweza kudumu ardhini kwa miaka. Yakimezwa, lava hutoka utumboni na kusafiri hadi kwenye ini, mapafu, na mara chache jicho, ambako anaweza kuharibu uwezo wa kuona. Lava wa minyoo ya safura ya paka na mbwa hana hata haja ya kumezwa: hupenya ngozi ya mtoto anayetembea pekupeku na kuacha mistari iliyopindapinda, inayowasha vibaya. Turubai juu ya mchanga linazuia yote haya. Tunanunua dawa za minyoo kila mara, turubai hatununui.

"Mwagia Jik papo hapo." Klorini iliyo ndani ya Jik ikikutana na kinyesi nguvu yake hupotea, na mayai ya Toxocara huivumilia. Zoa kwanza kwa gazeti, sugua kwa sabuni na maji ya moto, anika zulia juani. Penye mkojo usimwage Jik kabisa, kwa sababu amonia ya mkojo ikichanganyika nayo hutoa gesi inayochoma koo na mapafu, na anayetambaa sakafuni ndiye anayeivuta kwa karibu.

Wifi yangu ni mjamzito, akaambiwa paka aondoke nyumbani leo leo. Si lazima. Vimelea vya Toxoplasma, vinavyoweza kumdhuru mtoto aliye tumboni, hutoka na kinyesi cha paka lakini huhitaji siku 1 hadi 5 kabla ya kuambukiza, kwa hiyo mtu mwingine azoe uchafu kila siku, na wifi avae glavu anapolima bustani na ale nyama iliyoiva vizuri. Na kuhusu madai kwamba manyoya ya paka yakimezwa huleta pumu: kinachowasumbua wenye mzio ni protini iliyomo kwenye mate na ngozi ya paka, wala si unywele uliomezwa.

Babu wa jirani alitaka nimsugue paka pua kwenye uchafu wake. Nilikataa. Mnyama hawezi kuunganisha adhabu hiyo na jambo alilofanya muda uliopita. Anachojifunza ni kukuogopa na kwenda kujisaidia uvunguni, usipopaona.

Tena hakuwa na kosa. Mwanangu alikuja kuniambia mwenyewe kwamba usiku alimmiminia paka kikombe chake chote cha maziwa, kwa kuwa paka "anakunywa maziwa". Watu wazima wengi tunaamini vivyo hivyo. Paka wengi waliokwisha kuacha kunyonya hawawezi kusaga sukari ya maziwa, na tumbo huwaendesha. Sasa bakuli lake lina maji, na mwanangu ndiye anayelijaza kila asubuhi.