SDL haikatwi, inatozwa

"Mwezi huu nimekatwa SDL." Kosa la sentensi hii limo kwenye kitenzi.

SDL ni tozo ya kuendeleza ujuzi. Tanzania Bara, mwajiri mwenye wafanyakazi 10 au zaidi huilipa TRA (Mamlaka ya Mapato) kila mwezi: asilimia 3.5 ya jumla ya mishahara ghafi, na mwisho ni tarehe 7 ya mwezi unaofuata. Sehemu yake huenda VETA, mamlaka ya mafunzo ya ufundi stadi iliyoanzishwa kwa sheria ya 1994, na sehemu nyingine imekuwa ikigharimia mikopo ya elimu ya juu.

Sasa turudi kwenye neno. Kukata ni kupunguza kilicho chako tayari. PAYE (kodi ya mshahara) na mchango wako wa NSSF (mfuko wa hifadhi ya jamii) hukatwa, maana vinatoka ndani ya mshahara wako. Kutoza kumezaliwa na kutoa: kumtoza mtu ni kumfanya atoe. Kwenye SDL anayetoa ni mwajiri, mshahara wako ni kipimo tu. Mzigo hupimwa ili ushuru ujulikane, lakini anayelipa ni mwenye mzigo. Michango ya WCF, mfuko wa fidia kwa wafanyakazi, nayo ni vivyo hivyo.

Mkanganyiko ulikolea Julai 2021 zilipoanza tozo za miamala ya simu, ambazo kweli zilitoka mfukoni mwa mtumaji. Tangu hapo "tozo" na "makato" yakawa kitu kimoja midomoni mwa watu. Ni mwezi uleule ambao waajiri wenye wafanyakazi 4 hadi 9 waliondolewa kabisa kwenye SDL. Kiwango cha asilimia 3.5 kilikuja Julai 2023.

Waajiri nao hukosea, ila wao hukosea kwenye hesabu: wanapiga asilimia kwenye mshahara wa msingi na kusahau posho na malipo ya saa za ziada. Chukua ofisi ya watu 12. Msingi ni shilingi 6,000,000, ghafi ni 7,200,000. SDL sahihi ni 252,000. Ukipiga kwenye msingi unapata 210,000, na ile 42,000 inayobaki inageuka deni lenye riba.

Kwa hiyo ukiona SDL upande wa makato kwenye slipu yako, mfuate mhasibu umuulize kwa upole imefikaje pale, kwa sababu mahali pake ni kwenye gharama za mwajiri. Nawe ukiitaja, sema: "Mwajiri wangu anatozwa SDL."